Ile X ya reli peke yake haitoshi

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo niongee kuhusu hizi sehemu reli inakata barabara huku vijijini, zile hazina geti, hazina taa, hazina hata mtu wa kushika bendera. Mimi ni dereva wa lori, nazunguka sana Tororo, Mbale na Soroti, huku mashariki mwa Uganda. Reli ya kutoka Tororo kwenda Gulu inatengenezwa upya, zaidi ya kilomita 370, na watu wanafurahi kwamba usafiri wa mizigo utashuka bei, sawa, mimi pia nafurahi. Lakini kuna vijiji watu wamekaa miaka mingi bila kuona treni, mtu anaanika mihogo juu ya reli, mtoto amekua mpaka ameoa hajawahi kusikia honi ya treni. Siku treni ikirudi huyo atavuka vilevile alivyozoea.

Sasa tuje kwenye kibao. Ile X, vile vibao viwili vilivyopishana juu ya nguzo, mahali ambapo bado ipo, inakwambia tu hapa kuna reli, haikwambii ufanye nini. Waulize vijana wa boda pale steji, mmoja atasema maana yake usipite, mwingine atasema barabara imefungwa, wa tatu atacheka tu. Marekani waliliona hilo, mwaka 2009 wakaweka kanuni kwamba kwenye kivuko kisicho na geti wala taa, chini ya X lazima kiwepo kibao cha STOP au cha kukwambia uipishe treni, na kazi iwe imeisha kufika mwisho wa 2019. Sisi STOP tunaijua wote, hata asiyejua kusoma anaitambua ile nyekundu ya pembe nane. Basi iwekwe, mtu asimame kabisa, azime redio, aangalie huku na huku, halafu avuke na gia moja bila kubadilisha katikati ya reli, maana hapo ndipo gari huzimika.

Na msiseme dereva wa treni atatuona atafunga breki. Treni ya mizigo ikijaa inaweza kwenda kilomita nzima au zaidi ndio isimame, na macho yanatudanganya, kitu kikubwa kikitokea mbali unaona kama kinajikokota kumbe kiko mbio.

Usiku ndio balaa zaidi. Behewa halina taa ubavuni, barabara ni giza tupu, wewe unakuja unaona kweusi tu mbele unadhani njia ni nyeupe kumbe treni iko katikati inapita. Kuna dawa rahisi sana hapa, ule utepe unaong'aa ukipigwa na taa ubandikwe pia mgongoni mwa X ya upande wa pili. Taa za gari lako zinapenya kati ya behewa na behewa, zinaupiga, unauona unawaka unazima, unawaka unazima, unajua kuna kitu kinapita. Ni utepe tu, hauhitaji umeme.

Halafu wizi. Vibao vya bati na nguzo za chuma tunajua vinaishia wapi, kwa wanunuzi wa skrepa, leo kimewekwa kesho kimeng'olewa. Mimi nasema nguzo iwe ya zege na X yenyewe iwe ya zege, ipakwe rangi. Zege hainunuliwi kwa kilo.

Kingine ni mahindi. Watu wanalima mpaka ukingoni mwa reli, Januari kibao unakiona vizuri, Juni kimemezwa, na treni yenyewe huioni mpaka pua ya gari ishaingia. Ukiuliza nani afyeke, ofisi hii inakutuma kwa ile, na ile inakurudisha. Naomba mhusika ajibu hapa gazetini hiyo kazi ni ya nani na ataanza lini, kwa sababu mahindi ya msimu huu yameshafika kiunoni.

Dereva, Tororo