Hatumtafuti kozi, tunatafuta kumbikumbi

Wateja wanaokuja kupiga picha za ndege hapa Kakamega huuliza kwanza, "Kozi mdogo, yule ndege mwindaji, tutampata wapi?" Sisi tunaangalia mawingu. Mvua ikinyesha alasiri ikaacha, tsiswa, yaani kumbikumbi, hutoka kwenye vichuguu kwa maelfu, na kozi mwenye kifua cha rangi ya kutu hujileta mwenyewe. (Ukiona kifua cheupe chenye michirizi myeusi, huyo ni kozi wa Ulaya, mgeni wa msimu. Mpige picha tu, naye ni mzuri.)

Taabu ni mwanga. Kozi huyu huchangamka zaidi jua linapoelekea kuzama, na huku karibu na Ikweta giza halikawii. Wengi huondoka na mamia ya picha za kitu cheusi juu ya anga jeupe, wakalaumu lenzi. Lenzi ya milimita 400 inatosha kabisa. Kasi ya shata (pazia la kamera) isishuke chini ya 1/2000 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipandishe hadi 3200, hata 6400, bila huruma: chengachenga za picha utazipunguza nyumbani kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika ndiyo basi. Anga likiwa jeupe, ongeza mwangaza kwa stopu (kipimo cha kuongeza mwanga maradufu) moja au moja na nusu, la sivyo ile kutu ya kifuani itageuka makaa.

Kosa la pili ni haraka. Mtu hubonyeza kitufe kozi anapomnyaka mdudu, na kwa kasi ile huwa ameshachelewa. Mwache anyake. Hatatua ili ale. Atalegeza mabawa, ateleze hewani, apeleke mguu mdomoni, na mabawa ya kumbikumbi yaanze kudondoka. Hapo mwendo umepungua. Picha ni hiyo.

Tunatoka saa 10 jioni, wateja wasiozidi wanne. Hatumwiti ndege kwa sauti za kwenye simu, wala hatumpeleki mtu chini ya mti wenye kiota, hata aongeze malipo. Mvua ikigoma, tunahamisha tarehe bure.

Njoo na gambuti. Na tukikuta watoto wametangulia kichuguuni na sufuria zao, tutasimama kando. Kile ni kitoweo chao cha usiku.