Na sisi wa nyumba za kawaida tunahitaji kipindi cha matazamio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kazi mbovu za mafundi wanaotujengea nyumba, jambo ambalo limenikaa rohoni tangu masika yaanze, na najua sipo peke yangu maana kwenye daladala za huku Kivule kila siku nasikia watu wanalalamikia hilohilo.

Mimi na mume wangu tumejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa miaka saba. Aliyejenga Dar anaelewa hiyo miaka saba inaendaje, mwaka huu msingi, mwaka unaofuata tofali, hela ya kikoba ikitoka mnapiga linta, halafu boma linakaa miaka miwili kazi yenu ni kwenda kufyeka majani tu. Mwaka jana tukasema sasa basi, tukampa jamaa mmoja kazi yote iliyobaki, kupaua, lipu, bomba, marumaru, dari ya jipsam na rangi, ufundi milioni nne na nusu, vifaa tunanunua wenyewe. Alijiita mkandarasi na kadi alikuwa nayo. Mkataba ulikuwa karatasi ya daftari, kiasi, tarehe za malipo, sahihi yake na zetu, basi. Desemba akasema anataka kwenda kwao sikukuu tummalizie chake, na nyumba kwa macho ilikuwa inang'aa kweli, vuli yenyewe ilikuwa haba hakuna kilichovuja, tukammalizia yote, Januari tukahamia.

Mvua kubwa ya kwanza mwezi wa tatu ndio ikatuonyesha tumenunua nini. Pale mapaa mawili yanapokutana maji yalikuwa yanaingia ndani ya dari, tukaona doa rangi ya chai, kesho yake limekuwa kubwa kama sinia, siku ya tatu kipande cha jipsam kikadondoka kwenye kitanda cha mwanangu mdogo. Alikuwa shule. Kila nikiwaza ingekuwa usiku mwili unanisisimka.

Tukaanza kukagua kimoja kimoja. Bafuni mteremko umeelekea mlangoni badala ya kwenye tundu la maji, yani ukioga maji yanakufuata chumbani. Lipu ya ukuta wa nyuma ukiisugua kwa kiganja unabaki na mchanga mkononi. Kuna mzee jirani yetu aliyefanya uashi maisha yake yote, tukamuita, akachukua sarafu ya shilingi mia mbili akaanza kugonga marumaru za sebuleni moja moja, nyingine zinalia ko ko kama debe tupu, akasema hizi chini zimewekewa udongo wa simenti katikati tu, pembeni kuna hewa, mkiangusha sufuria zinapasuka. Na kweli mbili zilishapasuka tukadhani ni watoto. Kuhusu lipu akauliza swali moja tu, "Ilimwagiliwa maji siku ngapi?" Tukaangaliana na mume wangu. Simenti haikauki kama nguo, inahitaji maji ndio ishike, angalau wiki nzima asubuhi na jioni, na sisi kipindi kile maji tulikuwa tunanunua kwa boza tukawa tunabana. Kwa hiyo sisemi hatuna kosa. Ila yeye ndiye fundi, alitakiwa aseme mama bila maji sipigi lipu.

Nikampigia. Mara ya kwanza akapokea, akaniambia "Mama usiwe na presha, nyumba mpya lazima ipumue, nakuja Jumamosi." Jumamosi zimepita nne. Sasa hivi simu inaita mpaka inakata.

Tukaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akatusikiliza vizuri tu, akaomba mkataba, akausoma akageuza na nyuma, akasema hapa hakuna sehemu inayosema kazi ikiharibika baada ya malipo inakuwaje. Huyo jamaa tukamtafuta kwenye orodha ya CRB, ile bodi ya makandarasi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, hayumo. Tungeangalia kabla, ni kitu cha dakika tano kwenye simu.

Sasa Mhariri hoja yangu ni hii. Barabara au shule ya serikali ikijengwa, kwenye makabidhiano tunasikia mradi uko kwenye kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi sita mpaka mwaka, kikitokea kibovu mkandarasi anarudi anarekebisha kwa hela yake, na sehemu ya malipo yake inakuwa bado imeshikiliwa. Mimi niliyejenga kwa vikoba kwanini nisiwe na kitu hicho? Naomba hiyo bodi ya makandarasi na manispaa zetu watutengenezee mkataba wa karatasi moja, Kiswahili chepesi, ukae ofisi ya kila serikali ya mtaa mtu achukue bure. Uandike kazi yenyewe, uwiano wa simenti na mchanga, nani analeta maji ya kumwagilia, na asilimia kumi ya ufundi ibaki mpaka masika moja ipite, maana huku kwetu mvua ndio mkaguzi.

Najua mafundi watapinga na wana sababu, wengi wameachwa na hela zao, mwenye nyumba akishahamia anaanza kumkwepa fundi. Ndio maana hiyo hela isikae kwangu wala kwake, ikae kwa mtu wa tatu wote wanamuamini na iandikwe tarehe ya kutoka.

Lilipoanguka ghorofa Kariakoo Novemba 16, 2024 watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, nchi nzima tuliongea ujenzi na ilikuwa haki kabisa. Nyumba za chini hizi za Kivule, Chanika, Goba, Kibada hazitangazwi zikiharibika lakini humo ndimo watu wengi wanalala.

Sisi dari tunaanza kuirudishia mwisho wa mwezi na fundi mwingine, kijana aliyeletwa na yule mzee. Nilimwambia laki mbili zake zitabaki kwa mjumbe mpaka vuli inyeshe nione pale juu pamekaa sawa. Alinyamaza kidogo, akapanda kwenye paa akaangalia, akashuka akasema sawa mama, ila tuandikishane.

Mama wa watoto watatu,
Kivule, Dar es Salaam