Tupeni Hati Punguzo ya kodi ya chumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie madiwani wetu wa Temeke.

Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nimepanga chumba kimoja, choo cha pamoja uani, kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Hiyo 60,000 siilalamikii. Nikipika kila siku bila kuugua, inapatikana. Kinachotumaliza ni kulipa kwa mkupuo. Mwezi wa tano mwenye nyumba wangu wa zamani aliniambia nimpishe, mwanawe anaoa. Chumba hiki cha sasa nikatakiwa kodi ya miezi sita, 360,000, na dalali naye mwezi wake mmoja, achilia mbali hela ya kuonyeshwa. Nilivunja kibubu sakafuni, mimi na binti yangu tukapanga noti za elfu mbili mbili mafungu mafungu mpaka saa tano usiku. Zikafika 286,000. Zilizopungua nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, na mtaji wa mchele ukaliwa na riba.

Simlaumu mama mwenye nyumba. Ni mjane, anajenga chumba kimoja kimoja, na ni vigumu benki kumkopesha mtu ambaye kiwanja chake hakina hati. Mkopo wake ni sisi. Kodi yangu ya miezi sita imenunua mabati ya banda la uani, nayaona kila nikienda kuchota maji. Kwa hiyo kumwamuru tu apokee mwezi kwa mwezi ni kumnyima mabati yake, na atatafuta njia nyingine ya kutubana. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo tunaambiwa tuelewane wenyewe, na mwenye shida ya chumba ndiye anayekubali.

Wenzangu mliozaa miaka ile mnaikumbuka Hati Punguzo. Kuanzia 2004 mjamzito alipewa karatasi kliniki, akaenda nayo dukani, akaongezea kidogo (baadaye ikawa shilingi 500 tu), akatoka na chandarua. Mwenye duka hakupoteza kitu, alifidiwa. Mimi na mwanangu tulilala ndani ya chandarua kile.

Basi iwepo ya kodi. Halmashauri imlipe mwenye nyumba miezi yake sita kwa pamoja, mpangaji airejeshe mwezi kwa mwezi kwa simu, bila riba. Na kwa wale wasiojiweza kabisa, wazee na walemavu, halmashauri ibebe sehemu moja kwa moja. Marekani wana mpango wa vocha za pango tangu 1974: familia ya kipato kidogo hutoa takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali inamalizia. Hata kule watu husubiri miaka kwenye foleni, kwa hiyo sidhani sisi tutafikiwa wote. Tuanze na kata chache.

Fedha? Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwenye nyumba zetu za uswahilini anayenunua umeme ni mpangaji. Tunalipia majengo ya watu kila tukiingiza tokeni. Sehemu ya hela hiyo iturudie.

Majina ya watakaopewa yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kila mtu ayasome. Tusirudie ya vocha za pembejeo, mawakala wakawasainia wakulima ambao mbolea hawakuiona. Na vyumba viongezwe pia, maana hati bila vyumba itapandisha bei tu. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini ghorofa linazouza siku hizi si za mtu wa kipato changu. Lijenge vyumba vya kupangisha, vya 60,000, huku kwetu.

Kodi yangu inaisha Novemba. Diwani yeyote anayetaka kuuona mkataba wangu aje kituoni Rangi Tatu asubuhi, aulize mama wa wali maharage.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam