Tulihesabiwa, Hesabu Ziko Wapi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwanagenzi wa cherehani na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya kwamba sisi wenye biashara ndogo tunaanguka kwa sababu hatufanyi utafiti wa soko imenichoma. Utafiti nimeufanya. Waulizeni wanaozikalia hesabu.

Nashona sare za shule hapa Zimmerman. Majuzi niliomba mkopo wa kuongeza mashine mbili, na fomu ikauliza: watoto wa kwenda shule katika eneo lako ni wangapi? Swali la haki kabisa. Nikafunga duka, nikapanda matatu hadi mjini kwenye ofisi moja ya serikali. Askari wa mlangoni akaniandika kitabuni, nikaketi kwenye benchi hadi watu wakaenda chakula cha mchana na kurudi. Afisa hata hakuinua macho: "Mama, ziko kwenye mtandao." Basi. Nikaenda saiba, kijana akanifungulia vitabu vya sensa ya 2019 kimoja baada ya kingine. Kitabu cha pili kinashuka hadi kata ndogo, yaani eneo la naibu wa chifu: wanaume, wanawake, kaya, ukubwa wa eneo. Umri haumo. Cha tatu kina umri, lakini kinaishia kwenye kaunti ndogo. Na kaunti ndogo za sensa hapa Nairobi ni 11, ilhali tunapiga kura katika maeneo bunge 17. Roysambu, eneo bunge letu, nimeitafuta hadi macho yakauma. Haimo. Ruaraka nayo haimo. Tumemezwa sote na Kasarani, watu 780,656! Mimi siwashonei watu 780,656. Nawashonea watoto wanaovuka Barabara ya Kamiti asubuhi na mikoba mgongoni, na hao ndio nisioweza kuambiwa idadi yao.

Na asiniambie mtu kwamba umri haukuchukuliwa. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 tulikaa nyumbani kama tulivyoagizwa, na karani alipofika na kishikwambi chake aliniuliza umri wa wanangu mmoja baada ya mwingine. Niliona akiuandika. Aliniuliza kwa Kiswahili, vitabu vikatoka kwa Kiingereza. Katiba inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi.

Hesabu za biashara ndizo zinazoudhi zaidi. Uchunguzi wa 2016 ulisema Kenya ina biashara ndogo milioni 7.4 hivi, na kwamba takriban milioni 5.85 kati ya hizo hazina leseni. Sawa, nchi nzima. Mafundi nguo wangapi wako mtaani kwangu? Kila mwaka nalipia leseni ya kaunti, na pale wanaandika aina ya biashara, ukubwa wake na mahali ilipo. Wanajua kila kioski cha kulipishwa. Siku ya kudai pesa tunaonekana mmoja mmoja, siku ya kutoa habari tunakuwa mamilioni.

Naomba hivi: karatasi moja kwa kila kata ndogo, ibandikwe kwa chifu, pale pale yanapobandikwa majina ya vitambulisho vilivyofika. Watoto wa chini ya miaka 6, wa 6 hadi 13, wa 14 hadi 17, kisha watu wazima. Chini yake, biashara zilizolipia leseni kwa aina: vinyozi, vibanda vya mboga, mafundi nguo. Iandikwe kwa Kiswahili.

Na muhuri usikose. Mwishowe nilisimama kwenye malango ya shule nne, siku nne, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikihesabu sweta daftarini kwa rangi: za kijani, za maruni, za buluu. Nilipolipeleka daftari hilo kwa wakopeshaji pamoja na fomu yangu, nilirudishiwa yote mawili. Nikaambiwa hesabu isiyo na muhuri wa serikali haikubaliki.

Fundi wa sare,
Zimmerman, Nairobi