Usikubali wakate kioo kabla ya kupima maji

Jinja, Aprili

Ndugu yangu Swaibu,

Assalaam alaikum. Barua yako dereva wa taksi amenikabidhi mkononi, nikaisoma palepale stendi. Alhamdulillah shemeji amepata nafuu na watoto wamerudi shuleni. Lililoninyima raha ni hilo la gari.

Unasema kapeti ya upande wa abiria imelowa kiasi kwamba ukikanyaga maji yanachuruzika, na fundi ameshasema kioo cha mbele kinavuja, kitolewe kipigwe gundi upya. Nakuomba sana, usimpe hela bado. Huenda amesema kweli, lakini hajapima kitu. Ameona maji chini ya kioo, akakihukumu kioo. Maji ndani ya gari hukusanyika pale penye bonde, na tundu yalikoingilia linaweza kuwa mbali kabisa. Yanafuata waya, yanafuata mkunjo wa bati, yanapita chini ya kapeti, halafu gari likiegeshwa kwenye mteremko yanahamia upande mwingine. Huko kwenu Mbale, chini ya mlima, nadhani hakuna uwanja ulio sawasawa, kwa hiyo hata upande uliolowa usiuamini haraka.

Wengi hawajui kwamba gari halikutengenezwa lizuie maji yote. Limetengenezwa kuyapokea na kuyatoa. Kila mvua inaponyesha, maji hupita kwenye raba ya kioo cha mlango, hushuka ndani ya mlango wenyewe na kutokea kwenye vitundu vya chini. Yale yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huingia kwenye mfereji uliofichwa chini ya waipa, yakatokea pembeni nyuma ya madigadi. Ndiyo maana gari la umri wa hicho Kikumi chako, yaani Toyota Corolla ya miaka ya mwanzo ya 1990, likianza kulowa ndani, mara nyingi hakuna tundu jipya hata moja. Njia ya kutokea ndiyo iliyoziba. Sasa mtu akija na bomba la silikoni akapaka kila ufa anaouona, anaweza kuziba na ile njia iliyobaki wazi.

Kabla ya kufungua chochote, jua kwanza ni maji gani. Kausha sakafu kadiri unavyoweza, tandika magazeti makavu pande zote nne, kisha angalia yanalowa lini. Yakilowa baada ya mvua, tunatafuta mvua. Yakilowa siku ya jua kali ulipoendesha na AC imewashwa, basi ni ule mpira mdogo unaotoa maji ya AC nje, umeziba kwa vumbi. Maji hayo ni safi, hayana harufu, na dalili yake ni kwamba chini ya gari hapadondoki tone wakati kwa kawaida pangedondoka. Hiyo ni kazi ya waya laini na dakika chache. Yakilowa siku kavu bila AC, tazama rejeta ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Wazungu wanaandika kwamba utaijua kwa harufu tamu ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, na utando wa mafuta kwenye kioo. Sisi hapa wengi tunajaza maji ya bomba kwenye rejeta, kwa hiyo hutasikia harufu wala kuona rangi. Pima kiwango cha maji kwenye rejeta asubuhi injini ikiwa baridi. Kama kinapungua na chini ya injini ni pakavu, hapo pana habari, tena usiicheleweshe, maana injini inaweza kuungua.

Lakini kwa maelezo yako, naona ni mvua. Na ningekuwa hapo, ningeanza na mfereji wa chini ya waipa. Umeniambia unaegesha chini ya mwembe. Fungua boneti, ondoa mikono ya waipa, inua ile plastiki yenye matundu. Usishangae ukikuta udongo mweusi kabisa wa majani yaliyooza, na hata mche umeota. Uchafu huo ukijaa, maji ya mvua kubwa hayana pa kwenda, yanapanda mpaka kwenye mdomo wa feni inayoingiza hewa ndani. Katika magari mengi ya usukani wa kulia, feni hiyo ipo upande wa abiria, na ndiyo maana kapeti ya abiria hulowa huku kioo cha watu kikiwa kizima. Zoa uchafu kwa mkono, usiusukume chini kwa maji. Kisha tafuta mahali mfereji unapotokea, kila upande, pengine itabidi uvue plastiki ya ndani ya madigadi. Hapo huwa pamejaa tope la barabarani. Mimina jagi la maji juu, mtu mwingine atazame chini: maji yatoke yote, upande wa kulia na wa kushoto, bila kusuasua.

Pili ni milango, na hapa nina hasira kidogo. Uking'oa ubao wa ndani wa mlango utakuta, au ungepaswa kukuta, karatasi ya plastiki imebandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Karatasi hiyo ndiyo inayozuia yale maji ya ndani ya mlango yasije upande wako. Fundi wa spika akija, anaipasua. Wa alamu anaipasua. Anayerekebisha kioo kisichopanda anaing'oa yote anaitupa, anarudisha ubao, mteja anaondoka anafurahi muziki. Mvua ikinyesha, maji yanateremka nyuma ya ubao, yanavuka kizingiti, yanaingia chini ya kapeti kimyakimya. Gari lako limebadilishwa redio na spika, umeniambia mwenyewe. Basi fungua milango yote minne uone.

Kuirudisha ni rahisi, ila kuna siri moja. Nunua ile plastiki nene wanayotandika chini ya sakafu za nyumba, duka la vifaa vya ujenzi wanakukatia mita. Kaveera, ile mifuko ya plastiki ya sokoni, haifai, inachanika. Kata kwa umbo la mlango, toboa pa kupitisha waya na mkono wa kufungulia. Bati la mlango lisafishwe kwa petroli kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto, likauke. Tumia gundi ya utepe mweusi wa butili, ile raba laini inayonata, ukandamize kwa dole gumba bila kuacha pengo. Siri yenyewe ni kwenye ukingo wa chini: plastiki isiishie juu ya bati kwa nje. Iingize ndani ya mlango kupitia ule mwanya wa chini, ili tone likishuka juu yake lirudi ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu. Ukiiacha inaning'inia nje, umelichorea tone ramani ya kwenda kwenye kapeti. Na vitundu vyenyewe vichokoe kwa kijiti. Ukisikia mlango unalia chwaa-chwaa ukiufunga, umejaa maji, na kutu imeanza chakula chake.

Baada ya hapo ndipo upime kwa mpira wa maji. Usipeleke kwa vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha. Presha ile inapenyeza maji hata kwenye raba nzima, utadanganyika. Tumia mpira wa kawaida, maji yatiririke taratibu. Mtoto wako mkubwa akae ndani na tochi, kapeti imeinuliwa na plastiki za pembeni zimetolewa ili bati lionekane. Anza chini kabisa, kwenye kizingiti, ngoja dakika kadhaa. Panda kwenye mlango, ngoja. Panda kwenye kona za kioo, ngoja. Paa liwe la mwisho. Ukianza juu, maji yataosha gari zima na hutajua ni wapi yameingilia. Kijana akiona tone la kwanza apige kelele, wewe usimame hapohapo. Afuate tone kwa tochi kwenda juu, siyo kwenda chini.

Raba za milango uzipime kwa unga wa chaki. Paka kwenye raba, funga mlango, fungua. Alama kwenye bati inapaswa kuwa mstari usiokatika. Panapokatika, raba imelala au mlango umeshuka kwenye bawaba. Usikimbilie kununua raba kabla ya kuangalia bawaba, maana raba mpya kwenye mlango ulioinama itavuja vilevile. Zikihitajika kweli, ukiwa Kampala pita soko la spea la Kisekka, zipo zilizovuliwa kwenye magari yaliyokatwakatwa, lakini chagua iliyo laini, uikunje kwa vidole uone kama ina nyufa.

Kwenye buti sitakaa sana: taa za nyuma zina gasketi inayokauka, na chini ya tairi la spea ndipo maji yake yanapokusanyika. Inua tairi utazame. Jirani yangu hapa gari lake lina dirisha la paa, nalo lina mipira minne myembamba ya kutolea maji kwenye nguzo. Tuliizibua kwa mshipi mnene wa nailoni niliopata kwa wavuvi wa Masese, ukiusukuma polepole. Upepo wa kompresa hufungua mipira hiyo kwenye maungio yake ndani ya paa, na hapo mtu ana kazi mpya. Kikumi chako hakina, mshukuru Mungu.

Sasa, kama kipimo kitaonyesha ni kioo kweli, sikatai. Vioo vyetu hupasuliwa na mawe ya murram na hubadilishwa haraka haraka. Ila kitolewe kizima, kutu ya ukingoni isuguliwe mpaka bati jeupe, lipakwe praima, likauke, halafu gundi ya polyurethane ya vioo. Asikupakie silikoni kwa nje juu ya kutu. Ile yenye harufu kali ya siki ndiyo mbaya zaidi, inaila bati, na rangi haishiki tena juu yake.

Kukausha usikufanyie mzaha. Kapeti ikikauka juu, sponji iliyo chini yake bado imebeba maji. Tenganisha betri, fungua bolti za viti, toa kapeti yote uianike juani mpaka ukikamua sponji hakitoki kitu. Waya zilizo sakafuni angalia kwenye maungio: ukiona unga wa kijani, safisha, maana hapo ndipo huanza taa zinazowaka zenyewe na gari linalokataa kuwaka asubuhi. Kutu ya sakafu isugue kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kurudisha.

Najua utasema ni kazi nyingi kwa gari kuukuu. Swaibu, tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini magari yenye miaka 15 na zaidi tangu yatengenezwe, na yale mapya zaidi bei yake unaijua. Bati zima la gari la zamani lililokwisha kuingia ni mali. Lakini hata hilo silo linaloniumiza. Gari lenye maji sakafuni hujaa ukungu vioo vyote usiku. Wewe unatoka Kampala na mzigo jioni, unapita msitu wa Mabira mvua inanyesha, malori yanakuja mbele yako na taa kali, nawe unafuta kioo kwa kiganja. Nikifikiria hivyo sipati usingizi. Mpaka ulimalize, tafadhali usisafiri usiku. Lala Kampala, shemeji ataelewa.

Mimi plastiki nene ninayo, ilibaki tulipomwaga sakafu ya nyumba ya mama, na utepe wa butili nitaununua. Nitampa dereva huyuhuyu Ijumaa, umpokee mchana. Wewe anza na mfereji wa waipa kabla mvua nyingine haijanyesha, kisha niandikie: maji yalitoka pande zote mbili au upande mmoja umegoma? Na vipimo vya mlango wa nyuma unipe kwa sentimita, nisije nikakata fupi.

Msalimie shemeji na watoto, na mzee wako mwambie namuombea.

Ndugu yako,
Hamza