Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu: majivu, chupa na tofali linaloelea

Wanachama wenzangu, asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe kwa wenzetu wa upande huo, poleni na joto.

Mambo ya ada mweka hazina ana daftari lake atawasomea, mi naenda moja kwa moja kwenye majivu ya taka na kazi yetu ya kuyageuza tofali, maana ndo yaliyotula mwaka mzima.

Taka ukizichoma zinapungua sana, kwa ujazo kama 90% inaondoka, ila kwa uzito robo hivi inabaki majivu na humo ndo zinabaki metali kama risasi (si ile ya bunduki), zinki na kadmiamu, vitu ambavyo moto hauvimalizi. Masika yakija vinashuka chini na maji. Kuna sehemu moja hapahapa Tanga, sitaitaja, nimekuta majivu yamerundikwa hatua chache tu kutoka kisimani, mama anateka maji na kuku wanaparua mulemule, siku ile nilirudi nyumbani sikula.

Sasa kuna wenzetu waliona njia fupi wakachanganya majivu na saruji wakafyatua tofali, kesho yake yamevimba na kupasuka kama muhogo uliochemka. Ni alumini ile ya makopo, ikikutana na saruji mbichi inatoa gesi ya haidrojeni na gesi lazima itafute pa kutokea. Naomba hilo tusirudie.

Njia yetu ni ndefu kidogo. Unachekecha, unatoa vyuma, unaosha chumvi itoke (na maji yake hayamwagwi ovyo, nayo yana sumu), afu unasaga pamoja na chupa zilizovunjika mpaka iwe unga laini kabisa, unatia na unga kidogo wa mawe ya chokaa ambayo huku kwetu Mungu katujalia, mapango ya Amboni yenyewe si ndo mawe hayo. Afu unauchoma tanurini, kwenye nyuzi 800 na kitu kioo kinalainika kama asali nzito na wakati huohuo chokaa inatoa gesi ya kabonidayoksaidi, mapovu yananasa ndani. Mama zetu wa mkate wa kumimina walielewa haraka kuliko mafundi: rojo likiwa jepesi mno mapovu yanatoroka, likiwa zito haliumuki. Likikaa motoni muda wa kutosha fuwele ndogondogo zinaota ndani ya kioo, ndo inakuwa kauri ya kioo yenyewe.

Kwenye lile tanuri la umeme tuliloazima matofali matatu ya kwanza yalipasuka, tulikuwa na papara tukafungua likiwa bado moto, na kioo hakitaki kupozwa ghafla. La nne tukaliacha mpaka asubuhi. Likatoka la kijivu, lina vitundu kama jiwe la kusugulia miguu, nikalitia kwenye ndoo likaelea! Tukaliweka juu ya jiko la mkaa mi nikaweka kiganja juu yake, mzee mmoja akawa anahesabu, kafika mia mbili sijatoa mkono. Fikirieni hiyo chini ya bati la Ngamiani saa nane mchana. Halibebi nyumba lakini, ni la dari na kuta za kugawia vyumba tu.

Watu wameshaanza kuja na hela na najua baadhi yenu mmekasirika nilipokataa. Sikatai biashara. Kioo kikiiva vizuri kinazifunga zile metali, kisipoiva tunamjengea mtu sumu ukutani anapolaza watoto, na kwa macho huwezi kujua, mpaka lisagwe lilowekwe kwenye maji afu yale maji yapimwe risasi. Sampuli tumeshapeleka. Majibu yasiporudi mazuri hakuna tofali linalotoka getini, hata kwa ndugu yangu.

Kwa sasa kila mwanachama alete gunia moja la chupa, zioshwe, zisiwe na udongo, na anayeshika majivu avae glovu na barakoa. Watoto wasije nao.