Kaa mmoja, ofisi tatu

Mida, Kilifi

Swahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wakamata kaa wa kwenu Tanga wanataka kanuni zao wenyewe ndani ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo na uvuvi wake. Umeniuliza sisi huku Mida tunaendaje. Nitakujibu, ila usitarajie sifa tupu.

BMU iliumbwa na watu wanaowaza vyombo. Kanuni zetu za 2007 zilitaja wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi, kisha wadau wengine. Mkamata kaa hana chombo. Ana miguu yake, chuma chenye ncha iliyopinda, na maji ya bamvua yakishatoka. Kamati ikikaa kuzungumzia injini na barafu, yeye ananyamaza. Kwa hiyo kabla hamjaandika kanuni hata moja, hakikisheni wanaoingia matopeni wameandikishwa na wana viti vyao. Wakiambiwa eti watawakilishwa, wakatae.

Halafu kuna suala la ofisi. Kaa wetu ana serikali tatu. Mikoko anamoishi iko chini ya KFS, wenye misitu. Hori lote, yaani mkono wa bahari wa Mida, limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na hiyo ni ya KWS, wenye wanyamapori. Yeye mwenyewe kisheria ni samaki, basi ni wa watu wa uvuvi, ambao tangu katiba ya 2010 nao ni wawili: kaunti na serikali kuu. Mtu akikata mizizi ya mkoko ili afike mwisho wa shimo, ashtakiwe wapi? BMU itamkemea, lakini mti si wake. Kwenu naona ni yale yale, mikoko iko mikononi mwa TFS, wenye misitu wa huko. Waiteni wote siku moja, wakae chini ya mti mmoja. Mkizunguka ofisi moja moja, kila moja itawaelekeza kwa mwenzake.

Sasa majike, na hapa ndipo ninapobishana na wenzangu. Kila mkutano unaanza na "jike mwenye mayai arudishwe majini". Sawa, nami naunga mkono. Jike mmoja hubeba mayai zaidi ya milioni. Lakini muulize mzee yeyote wa mikokoni, mwenye mayai hukutana naye kwa nadra. Akishapandwa na kukomaa huondoka, anakwenda kutagia bahari kuu, na wadogo ndio wanaorudi na maji. Wanaomkuta njiani ni wa nyavu, kule mlangoni mwa hori na nje yake, na hao ni wa bandari nyingine, wenye kamati nyingine. Kanuni ya mikokoni peke yake haimlindi. Ndiyo maana nasema mpango uandikwe kwa hori zima pamoja na mdomo wake, bandari zote zitie saini, kisha upelekwe ofisi ya uvuvi upitishwe. Usipopitishwa, mtu akipinga hamna pa kumpeleka.

Kaa laini, aliyejivua gamba juzi, msiwape watu mahubiri. Kataeni kumpima tu. Nyama yake ni maji, na tajiri, yaani mnunuzi, mwenyewe atamshusha bei. Nimeona kanuni ya mizani inashika haraka kuliko ya shimoni, kwa sababu shimoni hakuna anayemwona mtu, ila kwenye mizani wanaonana wote. Kaa mdogo akikosa mnunuzi, nani atahangaika kumtoa? Taabu ni kwamba tajiri ndiye aliyemkopesha mvuvi pesa ya unga, na mwenye deni hachagui. Hapa Dabaso kikundi cha wenyeji kina Crab Shack yake, mgahawa ulio mikokoni kabisa, na wageni wanafuata sambusa za kaa. Pale mnunuzi ni wao wenyewe. Hauwezi kununua kaa wote wa Mida, lakini angalau kuna mahali pa kuuzia pasipo deni.

Nina ombi. Waulize wenye majarife, wale wa nyavu, wa huko kwenu kama wako tayari kukaa meza moja na watu wa miguu, na wakikataa nieleze wanasema nini hasa, maana huku kwetu sababu hawazitaji waziwazi. Nisalimie mama watoto, na umwambie ile mikeka nimeshaipata.

Wasalaam,
Swahibu yako wa Mida